Kabula Ang'oa Shokapu

Kabula wa Mwamapalala hakuwa mwanamke wa kupangiwa. Mume wake Mayunga alipofariki, ukoo ulimletea shemeji yake, Maganga, amrithi. Akakataa kwa maneno machache. Maganga akameza, lakini tangu hapo akahamishia macho kwenye baiskeli ya mjane huyo.

Baiskeli yenyewe Kabula aliinunua Bariadi kwa pamba yake mwenyewe, miaka ile soko lilipofunguliwa na mitumba ya Ulaya ikamwagika mpaka huku kwetu. Ilikuwa ya gia, matairi yenye meno, na uma wake wa mbele ulikuwa wa shokapu, yaani wenye springi za kudunda, unang'aa. Kila siku ya mnada Maganga alikuja kuiazima, na kuazima kwake ni kule kwa kushika usukani kwanza ndipo uombe. Alipita katikati ya watu na ng'ombe akiidundisha makusudi, aonekane.

Kabula hakuinunua idunde. Pale kijijini wakala wa pamba alikuwa mmoja, na mzani wake aliuelewa mwenyewe. Bariadi makampuni yaligombania wakulima, kwa hiyo mama wa watu akaamua kupeleka yake huko. Gunia moja nyuma, jingine juu ya usukani, kama tunavyopakia sisi. Kwenye kivuko cha mto shokapu ilizama, gurudumu likayumba, na pamba aliyoichambua wiki nzima ikamwagika topeni. Bariadi waliipokea kama fifi, yaani pamba chafu. Alirudi na hasira.

Kesho yake alimpelekea fundi Kristofa ile baiskeli, pamoja na uma wa baiskeli kuukuu ya marehemu mumewe, chuma kitupu.

"Mwangaluka, fundi," akamwamkia Kisukuma. "Toa hiyo shokapu, niwekee huu."

"Mayu, mama yangu, utaiharibu. Breki ya mbele haitakuwa na pa kukaa."

"Nitabaki na ya nyuma. Mteremkoni nitashuka niikokote."

Kristofa alifungua huku akiguna. Akamwaga gololi kwenye kisahani, akazipaka grisi, akapachika uma. Shingo ya uma ilizidi urefu kidogo, akajazia washa tatu, vile vipete vya chuma, nati ikakazika. Baiskeli ikabaki imenyanyua pua, sura mbaya kabisa. Kabula akaulalia usukani kwa uzito wake wote. Haukuzama. Akacheka peke yake, moyo mweupe.

Siku ya mnada Maganga akafika, shati limepigwa pasi. Aliizunguka baiskeli mara mbili.

"Umefanya nini? Hii nitaipandaje mbele za watu? Imekuwa ya kubebea mkaa."

"Ya kubebea pamba, shemeji."

"Rudisha shokapu. Hii ni mali ya nyumba ya kaka yangu, na mimi ndiye niliyebaki."

Kabula aliingia ndani, akatoka na shokapu mikononi, akapiga goti mbele yake kama mwanamke wa Kisukuma anavyompa shemeji maji ya kunywa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Unayoitaka ni hii, shemeji. Ipande uende mnadani."

Akainuka, akafunga gunia la pili juu ya usukani, akakaza kamba na kushika njia ya Bariadi. Maganga alibaki uani, shokapu kifuani, na mnada ulikuwa mbali kwa miguu.