Saa za Kuruka Peke Yangu

Leseni ya ndege ndogo niliyokuwa nikiitafuta ilidai angalau saa thelathini za mafunzo, na sita kati ya hizo uruke peke yako. Nilianza kwa sababu ya upweke. Mume wangu alifanya kazi ubalozini, mimi sikuwa na kibali cha kazi, na nyumba yetu ya Auderghem, huko Ubelgiji, ilikuwa kimya mno mchana.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kibelgiji aliyezaliwa Bukavu. Angani alinifundisha kwa Kiswahili cha utotoni mwake, akiniita maman, nami nikimwita papa. "Bon, maman, tazama inje," alikuwa akisema kila nilipokodolea macho vipimo.

Saa za kuruka naye zilikwisha. Zilibaki za peke yangu, pamoja na safari moja ndefu ya kwenda kutua kiwanja kingine cha ndege. Hapo ndipo alipoanguka kwa kiharusi. Siku chache baadaye mkewe akanipigia simu akilia.

"Anaongea, lakini hatumwelewi, si mimi wala madaktari. Nadhani ni lugha yenu."

Nilimkuta hospitalini, amefumba macho. Kifaransa kilikuwa kimemtoka chote. Mkono wake usiopooza ulishika usukani ambao haukuwepo.

"Maman, umechelewa," akasema. "Twende."

Nikaketi, nikidhani namliwaza tu. Kwa maneno akaniondoa kiwanjani, akanipitisha kando ya msitu, akataja mnara wa kanisa, halafu mto. Ghafla akakunja uso.

"Injini iko inakohoa. Unasikia?"

Chumbani hakukuwa na sauti yoyote.

"Vuta moto, maman. Yote. Itakohoa zaidi, usiogope. Ngojea."

Jasho lilimtoka. Tukangoja, mimi nimeng'ang'ania ukingo wa kitanda. "Bon," akasema mwishowe, akalala.

Wiki iliyofuata mwalimu mpya, mwanamke kijana, aliniruhusu kwenda ile safari. Njia aliichora yeye mwenyewe asubuhi hiyo. Hewa ilijaa unyevu, mbele weupe mtupu. Nilipita kando ya msitu. Mnara wa kanisa ukajitokeza, kisha mto, vile vile alivyovitaja, nami nikatega sikio kabla sijasikia chochote.

Injini ikakohoa.

Nikavuta hadi mwisho kishikio kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta kuyeyusha barafu. Injini ikatetemeka vibaya zaidi. Nilitamani kukirudisha. "Ngojea," nikasema. Sauti iliyonirudia masikioni ilikuwa yangu, lakini lafudhi haikuwa yangu.

Injini ikatulia.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja hospitali. Alikuwa ameketi, anakunywa supu, anamtania mkewe kwa Kifaransa. Nikamshika mkono.

"Papa, ilikohoa kweli. Pale pale kwenye mto."

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea chumba. Kisha akamgeukia mkewe, akamuuliza kwa Kifaransa, "Mama huyu anasema lugha gani?"

Nikarudia kwa Kifaransa. Habari ya barafu aliielewa, akanisifu. Ile safari ya kitandani hakuikumbuka, na Kiswahili hakikumrudia tena.

Leseni niliipata kabla ya baridi kuanza. Niliendelea kuwatembelea kwao, tukinywa kahawa na kuzungumza Kifaransa. Nikiondoka, alinipungia mkono dirishani, mzee mpole nisiyemfahamu.