Ukimwita Butoyi, Mwite na Bukuru

"Huyu atarudi na nini, zaidi ya mafua ya Ulaya?" Hayo waliyasema mafundi wa Cibitoke siku moja ninayoikumbuka vizuri, nilipokwenda kuwaaga kabla ya safari ya masomo Ulaya. Mmoja akaongeza, "We ni Butoyi! Butoyi anazaliwaka nyuma, diploma ataipatia wapi?" Wakacheka mpaka spana zikawaanguka.

Basi sikiliza, mwanangu. Diploma niliipata, tena ya umeme wa mitambo mikubwa, na hakuna aliyenishika mkono. Taa unazoziona zikiwaka Gasenyi, nyingi nyaya zake nimezivuta mimi. Sijisifu, mwenye macho haambiwi tazama.

Jina, lakini, sikulitafuta mwenyewe. Kwetu Burundi mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, yaani mkubwa. Anayefuata ni Butoyi, yaani mdogo. Awe wa kiume, awe wa kike. Bukuru wangu alikuwa dada. Mama hakuwahi kumwita mmoja wetu peke yake. Alisimama mlangoni, akaita kwa pumzi moja, "Bukuru! Butoyi!" Tukaitika, yeye kwanza, kisha mimi, hata kama anayetakiwa kuteka maji ni mmoja.

Nikiwa bado masomoni, homa ikamchukua Bukuru huko Ruziba alikoolewa. Sikumzika. Siku ya kupokea diploma waliponiita, nilibaki nimekaa. Nilikuwa nangoja yeye aitwe kwanza.

Nikarudi nyumbani. Uani kwa Mama watu walijaa, hata wale mafundi walikuja. Chakula kilipoiva, Mama akasimama mlangoni.

"Butoyi!"

Basi, jina hilo tu. Sikuitika. Akaita tena.

"Diploma imemuziba masikio," fundi mmoja akasema, na wenzake wakaguna.

"Mama, ita vizuri," nikasema.

"Niite nani tena, mutoto wangu? Unajua hayuko."

"Mi siwezi kuitika peke yangu, Mama. Apana."

Mama akashika mwimo wa mlango. Nilidhani atakasirika, au ataingia ndani asitoke. Kisha akavuta pumzi.

"Bukuru! Butoyi!"

Nikaitika mara mbili.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kuyeni mukule," akasema, kama anayewaambia watu wawili.

Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa. Najua vijana mnapenda majina mepesi, yasiyoulizwa maswali. Kabla hujalikata lako, uliza kwanza limemshika nani. Jina ni mlango. Ukiufunga, yuko mtu atakayebaki nje. Hata leo nikijitaja sokoni, mtu huuliza, "Na Bukuru?" Swali hilo linaniuma, nami sitaki liishe.

Mungu akupe miaka mingi ya kuitwa na wakupendao, na akikuondolea mmoja wao, akuachie sauti ya kumwitikia.