Mnazi Ambao Hakuna Aliyekwenda Kuuona

Baba yangu, Abbasi, alikuwa mkulima wa mpunga bondeni, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Ikwiriri. Alizaliwa Umatumbini, akashuka na jembe lake akiwa kijana, akamwoa mama yangu Salama, akakaa hapa miaka arobaini na moja. Hakuwa msemaji. Kila mafuriko yalipotulia alikwenda kwenye mnazi mmoja kando ya shamba, akakata alama kwa panga pale maji yalipofikia. Mnazi haunenepi wala haupandishi alama juu, alisema, ndiyo maana aliuchagua. Nikiwa kidato cha pili nilizihesabu: kumi na moja. Moja ilinifika kidevuni.

Kijiji kilipopangiwa zahanati, ikasemwa itajengwa hatua chache kutoka kwenye mnazi ule, kwa kuwa ni tambarare na karibu na barabara. Baba alitaka jambo moja tu: isogezwe juu, kwenye mwinuko wa shule. Siku ya mkutano wa kijiji akanyoosha mkono.

"Ndugu zangu, pale maji yanafika. Isijengwe pale. Twendeni sasa hivi mkauone mnazi, hata robo saa haifiki."

Aliyesimama kumjibu ni Ridhiwani, mjumbe wa serikali ya kijiji. Huyu ni mtani wetu. Watu wa ukoo wake na wa baba wametaniana tangu mababu, na mtani akikutukana unacheka. Ukikasirika umevunja ada.

"Jamani, Mmatumbi huyu!" alisema Ridhiwani. "Kwao milimani maji wanayaona mtungini. Akiona tope anaita bahari!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, maana ndivyo inavyotakiwa.

"Sasa mtani, wake zetu wazalie barabarani?" Ridhiwani akaendelea.

"Sikusema hivyo. Zahanati naitaka. Nimesema isijengwe pale."

"Mmesikia? Kasema isijengwe! Kwa mdomo wake!"

Kicheko kikazidi. Halafu Ridhiwani akashusha sauti kama mtu mwenye huruma.

"Mimi nauliza tu, sisemi kitu. Mtu mmoja anapinga maendeleo ya wote. Nani kamtuma?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kibiti hii, kwa yale tuliyoyapitia miaka ile ya mauaji, viongozi wa vijiji wakipigwa risasi na watu wasiojulikana, swali hilo si la mzaha. Watu wakatazama chini. Mzee Badru, anayeswali bega kwa bega na baba kila siku, akasogeza kiti chake pembeni. Baba akakaa. Mikono ikanyooshwa, ikapitishwa zahanati ijengwe bondeni.

Njiani nikamwambia, "Baba, yule hakuwa anatania."

"Utani ni utani, Zuhra. Watacheka, wataondoka, kesho watakwenda kuutazama mnazi."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, Allah amrehemu. Aliamini kuwa maneno ya mtani yanaisha pamoja na kicheko. Kuanzia siku ile akaitwa Mzee Hataki. Sokoni mama aliulizwa, "Mumeo bado hataki?" Baba aliitikia kwa tabasamu, mpaka tabasamu likamwisha.

Msimu wa pili baada ya zahanati kufunguliwa, mto ukafurika. Maji yalifika madirishani. Vitanda vikaelea, dawa zikawa tope. Mungu anisamehe, mimi moyoni nilifurahi kidogo, nikadhani sasa watamwomba radhi. Lakini Ridhiwani akasema barazani pa msikiti, baba akiwa anavaa viatu:

"Si alisema yeye? Ana kinywa kibaya huyu. Alituombea haya."

Na wale wale waliomcheka wakidhani anasema uongo, wakamnunia kwa kusema kweli. Baba alikwenda kukata alama yake, akarudi, akalala akiwa na homa.

Kifua kilimbana siku nne. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa tope. Siku ya tano tukampakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nimemshika kwa nyuma. Kabla hatujafika Ikwiriri nilihisi amekuwa mzito mgongoni kwa dereva. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jeneza lilipokuwa linatolewa, Ridhiwani akajilaza mlangoni. Mtani ana haki hiyo msibani.

"Hatoki mtu! Mmatumbi, si ulisema maji yanafika? Mbona umefia pakavu?"

Waombolezaji wakacheka. Hata mama, kwa ajili ya ada, alitoa kicheko kidogo kilichogeuka kilio.

Nikasema, "Mtani, mnazi ulikwenda kuuona?"

Alinitazama kutoka pale chini.

"Hee! Na binti naye hataki! Jamani, huu ugonjwa ni wa kurithi!"

Kicheko kikapanda tena. Ridhiwani akainuka, akajipangusa vumbi, akaweka bega chini ya jeneza la baba yangu.

Zahanati imekarabatiwa pale pale. Rangi ni mpya, mstari wa tope hauonekani. Kwenye mkutano wa kijiji uliopitisha ukarabati huo nilikuwapo, na mkono wangu ulibaki mapajani.

Kila Ijumaa namsomea baba Yasini, kisha yananijia yote aliyojibiwa: Umatumbi wake, wake zao, aliyemtuma, kinywa chake. Kuhusu maji, hakuna aliyemjibu hata neno moja.