Noeli Tuliyompoteza Mtoto wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, aliniachia binti yake wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka minne. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka zamani na hatukuwa na habari zake. Mtoto akahamia kwetu Kinanira, akalala kitanda kimoja na wanangu wawili, akaanza kuniita mamukubwa. Hakuwa msumbufu. Alikula alichopewa, alioga alipoitwa. Kwa sababu hiyo sote tulisema amezoea, na mimi ndiye niliyekuwa nikilisema neno hilo zaidi, hasa kwa mama yake kwenye simu.

Noeli ninayoikumbuka ilikuwa ya pili tangu mama yake aondoke. Ukoo wetu hukutana kwangu kila mwaka, kwa kuwa mama yetu mzazi anaishi nami. Mwaka huo mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani mjini, lakini kaka yangu mkubwa alikuwa ametunza kidogo kwenye dumu ili mama asikose misa. Mdogo wangu alikuwa ametuma gauni jekundu kwa mkono wa mwanamke aliyerudi kutoka huko. Lilikuwa kubwa. Nililipunguza kiunoni kwa sindano, na mtoto akasimama kimya wakati wote niliposhona, mikono juu, kama anayepimwa na fundi.

Mimi nilikwenda misa ya alfajiri peke yangu ili niwahi kupika. Wengine walikwenda misa ya pili, kwenye parokia yetu ya zamani kule mjini, karibu na Jabe, tulikobatizwa sote. Mpango ulikuwa rahisi. Kaka angerudi na gari akiwa na mama, mke wake na watoto wadogo. Mume wangu angerudi kwa miguu na wale wakubwa, maana kungoja basi siku hizo ilikuwa kazi ya kutwa.

Gari lilifika kwanza. Baadaye wakafika wa miguu, wamelowa jasho, viatu vipya mikononi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, nageuza nyama ya mbuzi, na moshi umenijaa machoni. Nilisikia kelele za watoto uani, nikaamini kwamba sauti yake imo humo.

Kwetu watoto hula kwanza. Niliwatandikia mkeka barazani, nikaanza kumpa kila mmoja sahani yake ya wali na nyama. Mwishoni nilibaki nimeshika sahani moja na hakuna mtoto wa kuipokea. Nikamwita. Nikamwita tena kwa kuelekea chumbani. Mwanangu wa miaka saba akanijibu, mdomo umejaa, kwamba mwenzake alikuja na gari.

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema polepole, "Kwenye gari hakuwemo. Si alitembea na nyinyi?"

Mume wangu akaeleza kwamba nje ya kanisa mtoto alimwachia mkono, akamwambia anakwenda kwa mjomba. Alimwona akielekea lilikosimama gari, naye akageuka kuwakusanya wengine. Kaka akasema alimwona kupitia kioo akiwa ameshikana mkono na mume wangu, ndipo akaondoa gari. Walikuwa wanasema kweli wote wawili. Nafikiri hilo ndilo lililowatia hasira, maana walianza kugombana pale pale mbele ya watoto, mpaka mama yetu akawaambia watoke wakamtafute.

Kaka aliondoka na gari. Mume wangu akashika njia ya mjini kwa miguu, akiuliza mlango kwa mlango. Mimi nilizunguka mtaani, nikijua kabisa kwamba hayupo huku, lakini sikuweza kukaa. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya milima. Mvua ikinyesha kule juu, mitaro yetu hujaa kabla tone moja halijatuangukia. Nilichungulia kila mtaro. Niliona ndala, chupa, kitambaa chekundu kilichonikata pumzi, kumbe ni gunia.

Niliporudi, kaka naye alikuwa amerudi. Kanisa lilikuwa limefungwa na mlinzi hakuona mtoto. Alikuwa amepita polisi, wakaahidi kuwaarifu wenzao. Watoto walikuwa wamekula, lakini soda hazikuguswa. Mama yetu ameshika rozari, lakini midomo yake haikuwa ikisogea.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa mdogo wangu, anapiga ya video.

Kaka akaniambia nisipokee. Ikakatika, ikaita tena. Akasema basi nipokee, nimwambie mtoto amelala. Nilipokea, nikageuza simu iangalie ukuta.

Alikuwa ananong'ona. Nilijua yuko bafuni, kwa sababu ndiko alikojificha kila alipotaka kuzungumza nasi, anafungua maji ili asisikike. Akanitakia Noeli njema, akaomba amwone mtoto na gauni.

"Amelala," nikasema.

"Saa hizi? Na siku ya Noeli? Muamushe, dada. Mi niko na dakika kidogo."

Nilimtazama kaka. Yeye aliangalia chini. Sikuweza kuendelea.

"Hatumuoni," nikamwambia. "Tangu misa. Tumetafuta kila mahali."

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Nilisikia maji tu yakimwagika kwenye beseni la watu nisiowajua, mbali huko. Halafu akasema, "Ni mi nimemupoteza."

Nikamwambia asiseme hivyo, yeye hayupo.

"Sikiliza. Juzi alilia sana, akauliza nitakuja lini. Nikamwambia Noeli. Sikuwa na kingine cha kumwambia. Akauliza nitashuka wapi. Nikamwambia pale pale aliniona nikipanda."

Nilipajua. Ilikuwa Jabe, ng'ambo ya soko, mahali gari dogo lilipowakusanya wanawake waliosafiri naye asubuhi ile kuwapeleka uwanja wa ndege. Mimi ndiye niliyekuwa nimembeba mtoto. Tangu hapo, kila tulipopita kununua sabuni au mkaa alinivuta kidole na kusema hapa mama alipanda, nami nikawa naitikia huku nikitafuta chenji.

Nilitaka kumwambia abaki kwenye simu. Akasema bosi anaita, na simu ikakatika. Alirudi kuosha vyombo vya watu bila kujua kama mtoto wake yu hai.

Kaka alimimina tone la mwisho la dumu kwenye gari, tukashuka mjini. Mvua ilitukuta njiani. Yeye alikuwa anarudia maneno yale yale, kwamba alimwona kabisa akiwa ameshikwa mkono.

Jabe vibanda vingi vilikuwa vimefungwa, isipokuwa maduka ya Waislamu. Mbele ya duka moja la vitenge, chini ya bati, nililiona gauni. Alikuwa amekaa juu ya kreti, pindo limelowa, sahani ya pilau magotini haijaguswa sana. Mama mwenye duka, mtu mzima mwenye ushungi mweupe, alisimama kati yangu na mtoto.

"We ni nani yake?"

Nikasema ni mamukubwa wake. Hakuniamini mpaka nilipomwita mtoto akaitika. Ndipo akanieleza, bila kutabasamu, kwamba mtoto alifika kabla ya swala ya adhuhuri. Alituma mtu kanisani akakuta pamefungwa. Alijaribu kumwingiza ndani, lakini kila gari liliposimama mtoto aliruka kukimbilia barabarani, ndiyo maana ameacha biashara na kukaa naye hapo nje.

Nilipiga magoti kwenye maji. Mtoto alinitazama mara moja, kisha akatazama barabara nyuma yangu.

"Mamukubwa, mama bado."

Nikamwambia twende nyumbani. Akakataa. Akasema tukiondoka mama atashuka na hatamuona mtu. Alisema kwa utulivu, kama mtu mzima anayemwelewesha mtoto. Kaka akageuka, akatupa mgongo, akasimama mvuani.

"Mama haji leo," nikasema.

"Kesho?"

"Apana. Hata kesho."

Alinipiga. Alinipiga kifuani na usoni kwa mikono miwili, na nilipombeba akapiga mayowe hata watu wakatoka madukani kuangalia, wakidhani naiba mtoto. Yule mama mwenye duka alilazimika kuwaeleza. Alitusindikiza mpaka garini, akafunga mlango mwenyewe. Nadhani nilimshukuru, lakini sikumbuki vizuri.

Nilimtumia mdogo wangu ujumbe kwamba amepatikana. Haukumfikia. Usiku wote haukumfikia. Alipiga siku ya pili, sauti imekauka, nami nikaiweka simu mbele ya mtoto kabla hajauliza. Mtoto aliutazama uso wa mama yake kwa muda, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya meza na kwenda nje kucheza.

Hadi leo mdogo wangu hajarudi. Mkataba wake uliisha, lakini pasipoti iko kwa waajiri na kila mwezi wana neno jipya. Mtoto ameanza shule. Anazungumza na mama yake, anamwimbia alichofundishwa, anamwonyesha jino lililong'oka. Ila hajamuuliza tena lini. Wala mimi haniulizi.

Mdogo wangu hungoja mtoto aondoke, halafu hunong'ona, "Ananiulizia?"

Namwambia ndiyo, kila siku.