Kila Kinachozunguka

Mume wangu ni fundi hodari, hilo silikatai, ila ubishi wake Mungu ndiye anayeujua. Kila kinachozunguka, kwake lazima kipakwe grisi. Marehemu baba yake alimfundisha hivyo kwenye minyororo ya baiskeli, na miaka thelathini sasa kila kazi anaimaliza kwa kupitisha kidole gumba chenye grisi.

Mkunga wetu ana pikipiki ya magurudumu manne, kuukuu, inayompandisha mlimani kwa wajawazito. Mwezi ule ilirudi gereji mara tatu. Tambarare inakwenda, ikifika mlimani injini inanguruma, magurudumu hayasogei, na mpira unanuka kuungua. Fundi wangu akabadilisha mkanda. Akabadilisha tena. Akafungua klachi, akatia vipuri vipya. Wapi! Mara ya tatu mkunga alipanda kwa miguu, akakuta mama ameshajifungua bila msaada.

Na binti yetu, mimba ya miezi tisa, ameolewa kulekule juu. Usingizi ulinihama.

Asubuhi moja nilimpelekea chai gereji. Mkanda mpya ulikuwa mezani, naye ameshachovya kidole kwenye kopo la grisi, anaelekea kwenye zile puli mbili zinazoubana mkanda.

"Wee baba! Unafanya nini?"

"Nalainisha."

"Puli za mkanda?" Mimi ni fundi cherehani. Tone moja la mafuta likigusa mkanda wa cherehani yangu, gurudumu linazunguka bure, sindano imelala. "Mkanda unashika ukiwa mkavu, mume wangu! Ndiyo maana unateleza!"

"Shona nguo zako, mama."

Lakini kidole kilibaki hewani. Akaitazama ile mikanda aliyoitoa, inang'aa pembeni kama viatu vya harusi. Akakaa chini juu ya tairi. Nilimhurumia, jamani, hasira zote zikaniisha.

Aliziosha puli kwa petroli, akazisugua kwa msasa, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, ndipo akaufunga mkanda. Alikuwa hajakaza nati ya mwisho simu ikalia: uchungu wa binti yetu umeanza. Mkunga akaja mbio na mkoba wake.

Nilimnong'oneza mume wangu, "Utamwambia akirudi." Hakunisikiliza, kama kawaida yake.

"Dada, mara zote tatu kosa lilikuwa langu. Nilikuwa napaka grisi pasipopakwa."

Mkunga alipanda pikipiki. Nilidhani atamtukana, na angekuwa na haki.

"Yule mama alinisubiri saa mbili nzima," akasema. Kisha akawasha injini. "Panda nyuma. Ikikwama, mkoba utaubeba wewe, na utakimbia."

Akapanda. Nilibaki nimekumbatia simu, siwezi kushona wala kukaa. Ilipolia jioni, alikuwa mume wangu, yeye asiyeishiwa maneno, na hakusema hata moja. Nilisikia kilio cha mtoto mchanga, na chake.