Uso wa Koko Nashipae

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kajiado, mkuu wa idara ya eksirei alinikuta nikimpanga mgonjwa mezani. "Umemsalimia kabla ya kumshika?" akaniuliza. Sikuwa nimemsalimia. "Basi anza hapo. Mashine itangoja."

Nyinyi mnaoona picha kwenye kompyuta papo hapo hamkukijua chumba cha giza. Palikuwa na taa moja nyekundu na beseni za dawa. Unazamisha filamu, unangoja, mbavu za mtu zinajitokeza polepole. Harufu ile kali ya dawa naitamani hadi leo.

Kutoka Kajiado nilihamishiwa Ngong, kisha nikapelekwa kusomea mashine mpya. Miaka ya mwisho nilifanya kazi Nairobi, nikitoka Kitengela kila alfajiri, katika kitengo cha tiba ya nyuklia. Huko mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, halafu kamera inaonyesha dawa hiyo imekwenda kukaa wapi mwilini.

Hapo ndipo nilipompokea Koko Nashipae wa Kisaju (koko ni bibi kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai), akiletwa na Mueni, mke wa mwanawe, aliyeolewa huko kutoka Machakos.

"Takwenya," nikamsalimia koko kwa Kimaa.

"Iko," akajibu kwa sauti ndogo. Uso haukusogea hata kidogo. Mkono wa kulia ulitetemeka juu ya shuka lake.

Baada ya sindano ni lazima kusubiri saa kadhaa. Mueni akanifuata kwenye korido.

"Sista, mimi nimechoka. Nilipoolewa tulikuwa tunacheka na huyu mama jikoni mpaka chakula kinaungua. Sasa nikimpea chai ananiangalia tu hivi. Nimeshaambia bwana yangu, hii hospitali ikiisha narudi kwetu na watoto."

"Umemuuliza kama kuna kitu?"

"Aseme nini tena? Si uso umesema?"

Kutoa majibu ni kazi ya daktari, kwa hivyo nilimwomba angoje picha. Wakati ulipofika nikamlaza koko, nikamfunga kichwa kwa mkanda laini asisogee.

Picha yake ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, haikuwa imeonyesha kasoro. Yetu ilionyesha. Katika ubongo wenye afya hung'aa sehemu mbili zenye umbo la alama ya mkato, pale dopamini inapofanyia kazi. Dopamini ni kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwendo. Kwa koko, mikia ya alama zile ilikuwa imefifia, zikabaki kama nukta mbili.

Daktari wa neva aliwaita, nami nikaingia kutafsiri Kimaa, maana koko alijua Kiswahili cha jikoni tu.

"Ni ugonjwa wa Parkinson," alisema. "Dopamini ikipungua, sehemu za ubongo zinazofanya kazi pamoja zinaacha kuelewana vizuri. Mwendo unakuwa mzito. Hata misuli ya uso. Mtu anaweza kufurahi na uso usionyeshe."

Mueni alimkazia macho. "Daktari, unamaanisha alikuwa anafurahi na mimi sioni?"

"Inawezekana kabisa."

Nilimtafsiria koko. Akajibu kwa Kimaa.

"Anasema alidhani ni wewe uliyeacha kumpenda," nikamwambia Mueni. "Siku hizi hucheki tena jikoni."

Mueni alipiga magoti, akaushika mkono ule unaotetemeka kwa mikono yake miwili. Daktari akajifanya anaangalia picha.

Vidonge vilimpa koko wepesi kiasi, ingawa havikumponya. Mueni hakurudi kwao.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku Kitengela. Nikiwapiga wajukuu picha kwa simu najisikia nikisema, "Vuta pumzi, shikilia," nao wananicheka. Naambiwa mashine za leo zinafuatilia jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Natamani ningepata miaka michache zaidi na vijana wanaoziendesha.

Juzi nilikutana na Mueni na koko sokoni, wameshikana mikono. Koko aliniangalia juu hadi chini, uso umetulia vilevile, akasema kwamba kustaafu kumeninenepesha sana.

"Usidhani amekasirika, sista," Mueni akawahi kunieleza. "Hapo anacheka sana."