Baba Mkwe Amefunga

Mama mkwe aliniambia kwa kunong'ona, wakati wenzetu wameshaanza kuondoka uwanja wa kanisa pale Bomani na mimi nimeshaweka mguu mmoja kwenye pedali. "Baba yako amemeza kidonge chake cha sukari," alisema, "lakini uji amekataa. Anasema amefunga." Akanipigapiga begani kunitakia safari njema, akarudi kuongea na wanawake wenzake kana kwamba ameniambia mvua itanyesha.

Mimi ni muuguzi, na kidonge kile nakijua vizuri. Kazi yake ni kushusha sukari, na hakiulizi kama umekula au umefunga. Mtu akikimeza halafu asile, sukari huendelea kushuka, na akiendesha baiskeli milimani juani, inashuka upesi zaidi. Anaweza kuanguka akapoteza fahamu. Anaweza kufa, tena akiwa anaimba nyimbo za hija.

Nikatafuta kwa macho. Baba mkwe alikuwa mbele kabisa, koti la suti, kofia ya pama, baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na gia hata moja, akikanyaga taratibu huku mgongo umenyooka. Sikuweza kumfuata nikamwambia, "Baba, shuka ule." Kwa Wakurya, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Hawashikani mikono, hawapakuliani, hawakai wakapiga soga. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, lakini yeye hakulegeza hata uzi mmoja. Tangu niolewe, maneno tuliyowahi kuambiana uso kwa uso ni shikamoo na marahaba. Mengine yote yalipitia kwa mtu wa tatu. Kwetu Iringa heshima ipo, lakini haifiki huko, na mwanzoni nilidhani mzee ananichukia. Mume wangu alicheka sana. "Angekuchukia," alisema, "angekusogelea."

Mume wangu ndiye aliyepaswa kuendesha pembeni ya baba yake siku ile. Kazini wakampeleka mafunzo Musoma wiki hiyo hiyo, basi akanipa baiskeli yake na maagizo: "Wewe mwangalie tu mzee." Sawa. Kumwangalia nilikuwa naruhusiwa.

Hija yenyewe ni ya zamani. Makatekista wa kwanza waliopeleka dini ng'ambo ya Mto Mara walipita vilima vile kwa miguu, wakafunga njia nzima mpaka walipofika, na pale walipofika upande wa Ringwani pakajengwa kanisa dogo la mawe. Baba yake baba mkwe alikuwa mmoja wao. Kila mwaka waumini hufuata njia ile ile, na kufunga ni vile vile: maji ruksa, chakula mpaka kanisani. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba watu wa siku hizi hatupendi kutembea, kwa hiyo tunaenda kwa baiskeli.

Nilikanyaga kama mwizi anayefukuzwa mpaka nikamfikia katekista aliyekuwa anatuongoza. Ni mwanamume mcheshi, mnene kidogo, na sauti yake inatosha parokia mbili. Nikamweleza yote. Akapunguza uchangamfu, akasogea kwa mzee, wakaongea kwa Kikurya kwa sauti ile ambayo mgeni husikia akadhani watu wanataka kukatana mapanga. Akarudi kwangu akitabasamu.

"Anasema mkamwana asijali. Baba yake alipita hapa hajala, na hakuwa na baiskeli."

"Baba yake hakumeza kidonge," nilisema.

"Hilo nalo nimemwambia. Amesema kliniki walimkataza asikose dawa hata siku moja, na Mungu amemkataza kula. Kwa hiyo ametii wote wawili."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, lakini zaidi nilikasirika. Kuna utii mwingine afadhali uasi. Nikampigia mume wangu simu. Akampigia baba yake. Simu ikalia ndani ya koti la suti, ikalia tena, na mzee akaendelea kukanyaga, akaiacha ilie kama mtoto anayedeka.

Basi nikakaa nyuma yake. Kwenye mkoba nilikuwa na chupa mbili za soda na paketi ya glukosi, nilizobeba kwa ajili yangu mwenyewe, maana nami si mtakatifu. Niliweka macho kwenye mgongo ule, na wasiwasi ukaanza kunitafuna. Jasho lile ni la jua au la sukari? Mbona mkono wa kushoto umetikisika? Ni jiwe, au ni yeye? Njia ya kwenda Nyamwaga ni milima tupu, migomba kulia, mahindi kushoto, na kila daladala iliyotupita ilituachia vumbi la kutosha kupanda mchicha. Watu walitoka majumbani kutupungia. Mimi nilipunga bila kugeuza shingo.

Kwenye milima mikali wote tulishuka tukasukuma. Hapo nilipumua kidogo, kwa sababu mtu anayesukuma akianguka, anaanguka karibu. Miteremko ndiyo iliyonimaliza. Mzee aliipenda. Alikuwa anaachia breki, koti linapepea, na mimi nyuma nimekaza breki zote mbili mpaka vidole vimekufa ganzi, namwona tayari yuko mtaroni.

Njiani kuna misalaba ya miti, kila mmoja pale ambapo makatekista wale walipumzika. Tulikuwa tunasimama kwenye kila msalaba na kusali litania. Katekista anataja mtakatifu, sisi tunaitikia "utuombee". Sikusali hata mara moja. Nilisikiliza sauti ya baba mkwe tu, maana ina mkwaruzo wake na haipotei kwenye kundi. Akiitikia kwa wakati, na akitamka neno lote, nilijua kichwa chake bado kipo. Pale Nyamwaga aliitikia vizuri. Msalaba uliofuata, vizuri. Nikaanza kujiambia labda nimemkuzia mzee wa watu ugonjwa. Katekista akanitania, "Dokta, mgonjwa wako anatushinda sote." Nikacheka kwa adabu.

Tulipovuka daraja la Mto Mara jua lilikuwa la utosi. Upande wa pili tulisimama kwenye msalaba mwingine, na litania ikaanza. Mtakatifu wa kwanza, kimya. Wa pili, mzee akaitikia wakati wenzake wameshamaliza. Wa tatu akasema "amina". Nikafungua zipu ya mkoba.

Sikuwahi kumfikia kabla hawajapanda tena baiskeli. Mbele yetu kulikuwa na mwinuko wa kwenda Ringwani, si mkali sana, lakini mrefu usioisha. Akawa anakanyaga, na baiskeli ikaanza kuandika herufi barabarani, mara huku, mara kule. Bodaboda iliyokuwa inashuka ikampigia honi na kumkwepa chupuchupu. Yeye akashuka, akaiachia baiskeli ianguke katikati ya njia, akakaa chini kwenye majani.

Katekista alimkimbilia. "Tata, vipi?"

"Niache, mura!" Mzee alimwita kijana, kisha akamtukana tusi ambalo sitaliandika. Watu waliganda. Mzee yule hajawahi kusikika akitukana, hata ng'ombe wake hawatukani. Shati lilikuwa limelowa mpaka kwenye kola, mikono inamtetemeka, na macho yanatutazama bila kutuona.

"Amechoka. Mpeni maji," mmoja akasema.

"Tumwombee," akasema mama mmoja wa kwaya, na wakaanza kumzunguka.

"Maji hayatamsaidia!" Nilishangaa sauti ile kutoka kwangu. "Ni sukari imeshuka. Mpeni hii soda, sasa hivi!"

Katekista akaipokea chupa, akampelekea mdomoni. Mzee akaipiga kofi, ikaenda kumwagika barabarani. Katekista akajaribu kumshika kichwa, akasukumwa kifuani, na kwa unene wake wote akakaa chini. Walikuwapo wanaume wengine pale, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja alimngoja mwenzake. Nani amkabe mzee aliyefunga, aliyetukana, ambaye labda Mungu ndiye anayesema naye? Kisha kichwa cha baba mkwe kikaanza kuinamia kifuani, polepole, kama mtu anayesinzia misani.

Nilikuwa nimebakiwa na chupa moja.

Nitasema ukweli, niliogopa. Sikuogopa ugonjwa, ule niliujua. Niliogopa kesho yake. Niliwaza mama mkwe akiambiwa, niliwaza ukoo ukikaa kikao, mume wangu katikati, na mimi mgeni wa Iringa niliyemshika baba mkwe mbele ya kadamnasi. Yote hayo niliyawaza wakati magoti yangu yameshafika chini.

Nikamlaza mgongo wake kifuani kwangu. Kofia ikadondoka. Nikamshika taya kwa mkono wa kushoto, kama ninavyowashika watoto wodini, nikachovya kidole kwenye glukosi, nikampaka ndani ya shavu na kuisugua kwenye fizi. "Meza," nikasema. "Baba, meza." Nyuma yangu mama wa kwaya alisema kitu kwa Kikurya, na sikuhitaji mkalimani. Nikaongeza glukosi. Alipoanza kumeza mwenyewe ndipo nikamwekea soda mdomoni, funda moja, jingine, jingine likammwagikia kwenye koti. Uzito wake wote ulikuwa juu yangu. Alinuka jasho na tumbaku, na nilifikiri kwamba mimi ndiye mkamwana pekee katika ukoo wote anayejua hilo.

Tukangoja. Katekista alisimama akaiondoa baiskeli njiani, akaurudisha usukani sawa, akabaki ameishika tu.

Mikono ndiyo iliyotangulia kutulia. Halafu pumzi. Halafu akageuza macho, akaiona kofia yake chini, akaliona duara la viatu vya watu, akakiona kidole changu cheupe kwa glukosi. Nikaona jinsi alivyoelewa. Mwili wake ulikakamaa wote kwa mpigo, akajivuta mbele akakaa peke yake, akanipa mgongo. Nami nikasogea nyuma haraka na kuinamisha kichwa.

"Nani amenipa soda?" aliuliza, kwa Kiswahili.

Katekista alitazama mnyororo wa baiskeli kama fundi. Mama wa kwaya akafunga kanga yake upya. Nilijua wanataka kunificha, na nilijua ni kwa wema, na bado niliona siwezi.

"Ni mimi, baba."

Hakugeuka. Nilihesabu makosa yangu: nimemshika, nimemvunjia mfungo, na sasa nimemjibu. Niliiona safari yote ya kurudi nyumbani, na kwamba nitaingia uwanja wa nyumba yao nikiwa sijui naingia kama nani.

Mzee aliokota kofia yake, akaikung'uta, akaivaa. Akatazama ule mwinuko uliobaki. Watu wawili wakamsogelea wamnyanyue, na yeye akawazuia kwa kiganja.

"Wewe," alisema, na sasa aligeuka, akanitazama usoni, mbele yao wote. Akanyoosha mkono wake kwangu. "Ninyanyue."

Nikaushika. Mkono wake ulikuwa bado umelowa jasho, lakini ulikuwa umetulia kabisa. Wangu ndio uliokuwa unatetemeka, na yeye akaukaza mpaka aliposimama.